Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda, Waziri wa Sheria na wabunge: fomula yangu mliidai wenyewe, basi itunzeni

Waheshimiwa, shikamooni.

Nawaandikia nyie mlioko juu, Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara, Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na nyie wabunge wetu maana nyie ndo mnapitisha sheria. Barua hii nimeianza toka mwezi wa nane na kila nikianza hasira inanipanda naishia kufuta. Leo naimaliza.

Mi ni mama natengeneza pilipili ya chupa hapa Morogoro. Nilianza na sufuria moja na jiko la mkaa, nawauzia majirani, sa hivi nina jiko la gesi, wadada wawili wa kunisaidia, na maduka yanayochukua mzigo wangu Msamvu, Kihonda, Mazimbu, mengine mpaka Gairo na Ifakara. Ukisoma lebo yangu hakuna maajabu, pilipili mbuzi, embe bichi, kitunguu saumu, ukwaju, siki na chumvi, vitu ambavyo yeyote anavipata sokoni. Kinachofanya chupa yangu ikae miezi bila kuchacha na bila dawa ya kuhifadhi, na mtu akionja arudi tena, ni vipimo, na nini kinaingia lini, kwa moto gani, na kuna hatua moja kabla ya kusaga ambayo nilifundishwa na mama mdogo wangu kule Muheza, nami nikaja kuibadilisha mwenyewe kwa kuharibu mzigo mara nyingi sana, kuna wiki nilimwaga ndoo saba nzima huku mume wangu ananiangalia tu hasemi kitu. Hatua hiyo siiandiki hapa, mtanielewa.

Hiyo ndo siri ya biashara yangu. Sina kiwanda, sina kiwanja cha kuweka dhamana benki, mtaji wangu ni hicho kipimo.

Sasa miaka michache iliyopita ofisi moja ya umma ilitangaza inapokea maandiko ya miradi ya sisi wasindikaji wadogo, ukipita unakopeshwa mashine. Ofisi siitaji na wala sitaitaja maana sijaandika ili mtu afukuzwe kazi, na ninachosema hapa kinaweza kutokea kaunta yoyote. Fomu ilikuwa na kipengele kimeandikwa "mchanganyiko wa malighafi kwa asilimia", kinachofuata "hatua za uzalishaji kwa mpangilio, joto na muda", kinachofuata wanaokuuzia malighafi na bei wanayokupa, alafu wateja wako wakubwa. Chini kabisa kwa herufi nene, fomu isiyojazwa kikamilifu haitapokelewa. Nikamuuliza kaka wa kaunta, hivi hii asilimia ni lazima? Akasema, mama we jaza tu, hapa ni serikalini.

Waheshimiwa, hilo neno ndo lilinituliza. Ingekuwa ni mfanyabiashara mwenzangu ananiuliza asilimia ya siki ningemjibu kwa adabu kwamba hapana. Lakini serikali ikiuliza, wengi wetu tuliokulia vijijini tunajua hiyo ni sawa na kumweleza daktari ugonjwa, unafunguka chote kwa sababu unaamini hakitatoka pale. Usiku ule nilijaza kila kitu kwa mkono, ukurasa wa sita fomula yote, ukurasa wa tisa watu wangu wa malighafi na namba zao za simu, mpaka yule mzee wa Dar anayeniuzia chupa tupu kwa bei ya kujuana.

Nilirudi baada ya miezi mitatu kufuatilia. Nikakuta faili langu juu ya kaunta limefunguliwa ukurasa wa sita na kijana nisiyemfahamu anapiga picha kwa simu. Nilihisi kama nimekutwa nimevuliwa nguo barabarani. Nikauliza vipi tena, dada mmoja wa pale akanivutia kiti na kuniambia kwa furaha kabisa, "Mama karibu, andiko lako limetulia sana, tunawaonyesha wenzio wajifunze kuandika." Na mi nawaambia ukweli yule dada hakuwa na nia mbaya hata chembe, alidhani ananisifia, na hakuna mtu aliyewahi kumkalisha chini akamwambia ukurasa wa sita wa lile faili ni mali ya mtu.

Nikatoka nje nikavuka barabara kwenye stesheneri nitoe kopi ya kitambulisho. Ukutani kumebandikwa karatasi, "Mfano wa andiko la mradi 3,000/=". Nikamwambia nipe moja. Lilikuwa langu. Jina walikuwa wameliziba na kipande cha karatasi wakati wa kutoa kopi, ila mwandiko ni wangu, na pale ambapo usingizi ulinishika nikaandika "ukwaji" badala ya ukwaju pako vilevile. Nililipa elfu tatu kununua fomula yangu mwenyewe, na kijana wa duka akanirudishia chenji.

Mkopo wenyewe sikupata.

Nane Nane iliyopita, viwanja vya hapa hapa Morogoro, nikapita banda moja nikaona pilipili ya chupa rangi ileile, nikaomba kuonja kwa kijiti. Sikuhitaji kusoma lebo lakini niliisoma, na kwenye viambato kumeandikwa "ukwaji". Nilikaa na yule dada mwenye banda nyuma ya meza yake karibu saa nzima. Si mwizi. Ana watoto wawili, amekopa kwenye kikoba chao, karatasi aliinunua stesheneri na alichoniambia sijakisahau mpaka leo, "Dada yangu, mi nilijua ni mwongozo wa serikali." Nimgombeze nini mtu kama huyo, yeye kaiamini serikali kama mimi nilivyoiamini, tumeponzwa na faili moja. Sa hivi kwenye maduka yangu matatu ya Kihonda chupa zake zimekaa jirani na zangu kwa bei pungufu, na yule mzee wa chupa Dar kanipandishia bei kwa sababu anasema siku hizi anapigiwa na watu wengi.

Ndo nikaanza kutafuta sheria inasemaje. Kuna kijana wa jirani yangu anafanya kazi za msaada wa kisheria, akanikalisha jioni mbili kunielewesha, na yafuatayo ndo niliyoyashika, naandika kwa lugha yangu.

Mlinzi wa kwanza tuliyemwangalia ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina tume yake kabisa. Nikafurahi. Akaniambia subiri, sheria hiyo inalinda taarifa za mtu, jina lake, simu yake, afya yake, mahali anapoishi. Kwa hiyo namba ya simu ya mzee wa chupa iliyokuwa ukurasa wa tisa ina sheria ya kuitetea, ila asilimia zangu za ukurasa wa sita, ambazo ndo zinasomesha wanangu, hazimo. Kurasa mbili za faili moja, moja ina mwenyewe mbele ya sheria na nyingine haina.

Tukaangalia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Humo kifungu cha 6 kinataja taarifa ambazo ofisi inaweza kukataa kuzitoa, na zimo zile zinazoumiza maslahi halali ya kibiashara ya mtu ambaye taarifa zilitoka kwake. Vizuri. Ila sheria ile imejengwa kwa ajili ya maombi, yani raia anaandika anaomba taarifa, afisa anakaa anaamua atoe au akatae. Faili langu halikuombwa na mtu kwa barua. Lilitolewa kwa tabasamu, juu ya kaunta. Na hata kama lingeombwa rasmi, afisa angejuaje kwamba ukurasa wa sita ndo unaoniumiza, wakati fomu yenyewe haikuwa na sehemu ya mimi kuandika hapa ni siri?

Watu wengine wananiambia si ungesajili BRELA, wale wakala wa usajili wa biashara. Jina na nembo yangu nimesajili, ila nembo hailindi ladha, mtu anaweza kuita yake jina lingine na ndani ikawa yangu. Hataza nayo ni ya uvumbuzi mpya, na ili upewe lazima uueleze wazi ulivyoutengeneza, unalindwa hadi miaka 20 alafu unakuwa wa wote. Siri ya biashara ni kitu tofauti kabisa, inaishi muda wote ambao haijatoka, inaweza kuishi vizazi vitatu, na ikitoka siku moja imekufa siku hiyo hiyo. Hairudi. Ng'ombe akiibiwa unaweza kumfuata ukamrudisha zizini, fomula ukiifuata unaikuta kwa watu hamsini na kila mmoja anayo yote.

Alafu kuna jambo ambalo liliniumiza kuliko yote. Tanzania ni mwanachama wa WTO, Shirika la Biashara Duniani, toka 1995, na ndani ya WTO kuna mkataba wa TRIPS wa kulinda haki za ubunifu kwenye biashara, kifungu chake cha 39 kinaongelea hizi taarifa za siri za biashara. Kinataka vitu vitatu, iwe siri kweli, iwe na thamani kwa sababu ni siri, na mwenyewe awe amechukua hatua za maana kuilinda. Nchi zenye uchumi mdogo kama yetu zimepewa muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kuufuata mkataba huo kwa ukamilifu, kwa hiyo sisemi nchi imevunja mkataba. Nasema tuangalie hilo sharti la tatu. Siku nikisimama mbele ya hakimu nikaulizwa, mama wewe ulichukua hatua gani kuilinda siri yako, nitasema nini? Miaka yote wadada wangu nilikuwa nawapa vipimo nusu nusu, kila mmoja anajua sehemu yake, daftari nafungia kabatini. Alafu nikaipeleka yote serikalini kwa sababu fomu ilisema isiyojazwa haipokelewi. Yani kule kutii ndo kunaweza kuja kusemwa kwamba niliiachia mwenyewe.

Kijana akaniambia njia iliyobaki ni kesi, kwa zile kanuni za sheria za Uingereza tulizorithi, ambazo sheria yetu inazitambua kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwamba aliyepewa siri kwa kuaminiwa hana ruhusa ya kuitumia vingine. Sawa, zinasaidia. Ila kuishtaki ofisi ya umma lazima kwanza utoe notisi ya siku 90, na toka mabadiliko ya sheria ya 2020 lazima umuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kesi ifunguliwe Mahakama Kuu, hata kama unayemdai ni halmashauri. Waheshimiwa hebu nihesabieni. Siku 90 za kusubiri, nauli, wakili wa Mahakama Kuu, mimi nauza chupa moja elfu tatu. Siku 90 zikiisha ile karatasi ya stesheneri itakuwa imefika mikoa mingapi?

Na msiniambie serikali haiwezi kutunza siri ya mfanyabiashara maana inaweza, nimeona kwa macho yangu. Ukipeleka hesabu zako TRA, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inamfunga afisa asizitoe hovyo. Kwenye Sensa ya 2022 karani aliyekuja kwangu alikuwa amekula kiapo cha kutunza siri, na Sheria ya Takwimu inamzuia kusema mimi nina nini. Toka 2023 zabuni za serikali zinapita kwenye mfumo wa NeST na umepangwa hivi kwamba bei ya mzabuni haionekani mpaka muda wa kufungua ufike. Kampuni kubwa zikitaka kuungana zinapeleka mafaili yao Tume ya Ushindani, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inawapa nafasi ya kuomba taarifa zao zitunzwe kwa siri, na mkubwa anakuja na mawakili wanaojua kuomba. Kwa hiyo uwezo upo. Kila sheria inalinda chumba chake, ila ile kaunta tunayosimama sisi wadogo na mabahasha yetu ya kaki iko nje uani.

Wenzetu Afrika Kusini hawajaliacha hivi. Sheria yao ya kupata taarifa ya mwaka 2000 inasema siri ya biashara ya mtu iliyoko ofisi ya serikali ofisi LAZIMA ikatae kuitoa, siyo ikipenda. Na mtu akiiomba, mwenye siri anajulishwa ndani ya siku 21 toka ombi lipokelewe, naye anapewa siku zake 21 za kusema kwa nini isitolewe. Marekani nako toka 1987 kuna agizo la Rais kwamba mwenye taarifa za biashara ajulishwe kabla hazijatolewa, na sheria yao ya jinai inasema mtumishi wa umma akitoa bila ruhusa siri ya biashara aliyoijua kwa sababu ya kazi yake anaweza kufungwa hadi mwaka 1, na lazima aondolewe kazini. Sisemi tukopi adhabu zao neno kwa neno, yule dada aliyenivutia kiti sitaki afungwe, kwa kweli sitaki. Nataka kabla hajakabidhiwa faili la mtu awe ameambiwa, amesaini, na anajua.

Sasa naomba nini.

Naomba sheria moja, au hata marekebisho ya hizi zilizopo kama mnaona ni haraka zaidi, itamke wazi kwamba taarifa ya biashara ambayo ofisi ya umma imeidai kwa mtu, iwe kwa leseni, kwa mkopo, kwa usajili, kwa ukaguzi au kwa zabuni, inabaki ni mali ya huyo mtu, na ofisi ni mtunzaji tu kama anayeshikiwa pesa. Isitumike kwa kazi nyingine yoyote hata ya kufundishia wengine, na kule kuipeleka serikalini kusihesabiwe kamwe kwamba mwenyewe kaiachia. Hili la mwisho msilisahau, likikosekana mengine yote yanavuja.

Lakini kabla hata ya sheria, maana najua muswada unachukua muda, kuna mambo yanaweza kuanza Jumatatu kwa waraka tu. Acheni kudai msichohitaji. Mtu anayeamua kama nikopeshwe mashine ya kusagia anahitaji kujua nauza chupa ngapi na narudishaje hela, siki ni asilimia ngapi inamsaidia nini? Anayehitaji kujua ni mpimaji wa usalama wa chakula, na huyo nampa bila kinyongo maana ni afya ya watu. Basi ukurasa wa fomula ukae kwenye bahasha yake, imefungwa, imegongwa mhuri, masijala wanaiandikisha kwenye daftari la peke yake, kila anayeifungua anaandika jina, tarehe na sababu. Mafaili ya siri za serikali yenyewe yanatunzwa hivyohivyo miaka yote kwenye masijala ya siri, utaratibu mnaujua, kabati mnazo, ni suala la kutuhesabu na sisi kuwa tunastahili kabati. Na kama ni mfumo wa kompyuta basi kila aliyefungua ukurasa wangu nimwone kwenye akaunti yangu, kama benki ninavyoona miamala. Ombi langu likikataliwa nirudishiwe karatasi zangu. Sijui kwa nini andiko lililokataliwa linaendelea kukaa kwenye kabati la watu miaka minne, linafanya nini humo?

Na pawepo mahali pa kukimbilia pa karibu. Isiwe Mahakama Kuu. Mahali ambapo mama wa pilipili anaandika ukurasa mmoja, na ndani ya siku chache mtu mwenye mamlaka anapiga simu anasema kuanzia sasa hiyo karatasi isitoke tena, alafu ndo uchunguzi ufuate. Kwenye siri siku tatu za mwanzo ndo kila kitu. Mi siku ile ningepata mtu wa kuipigia stesheneri ile tu, labda ingekuwa imeuza kopi nne.

Najua wapo watakaosoma hapa na kushtuka, hasa waandishi na wanaharakati, wakidhani naomba serikali ipewe blanketi lingine la kujifunika. Hapana jamani. Mi mwenyewe nakumbuka mwaka 2007 Zitto Kabwe alivyosimamishwa ubunge kwa muda baada ya kuibana serikali kuhusu mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Nakumbuka Novemba 2014 kamati ya Bunge ya hesabu za serikali, PAC, ilivyofika hatua ya kuamuru viongozi wa TPDC, shirika letu la mafuta, wakamatwe kwa sababu mikataba 26 ya mafuta na gesi ilikuwa hailetwi mezani, wakati ile gesi ni yetu sote. Ndo ikaja Sheria ya Uziduaji ya 2015 ya uwazi na uwajibikaji inayotaka mikataba ya madini, mafuta na gesi iwekwe wazi. Hiyo nayo ilikuwa inaitwa siri ya biashara, na hapo ndo pa kuwa waangalifu sana, maana neno ni moja ila vitu ni viwili. Kampuni inayochukua mali ya umma au pesa ya umma haina haki ya kuficha imelipwa shilingi ngapi, imesamehewa kodi gani, imeahidi nini. Bei serikali iliyonunulia dawati ni habari ya kila mzazi. Fomula ya gundi ya fundi aliyetengeneza dawati ni ya fundi.

Na kitu kikiwa kinaumiza watu basi siri iishe hapo hapo. Kama pilipili yangu ina kitu kinachodhuru, nitangazwe redioni, nifungiwe, sitasema ni siri ya biashara. Hata ile sheria ya Afrika Kusini niliyoitaja inasema hivyo, matokeo ya vipimo vya bidhaa yanayoonyesha hatari kubwa kwa usalama wa watu hayafichwi kwa jina la biashara. Kwa hiyo mstari unachoreka, wanasheria wenu wanaweza kuuchora vizuri kuliko mimi. Ninachokataa ni hali ya sasa ambapo mkataba wa mabilioni umefungiwa kabatini na ukurasa wa sita wa mama wa Morogoro unauzwa elfu tatu ukutani.

Waheshimiwa wabunge, hasa nyie wa viti maalum mnaokuja kwenye vikundi vyetu mkituambia tutoke kwenye umachinga tuingie kwenye viwanda vidogo, turasimishe, tujisajili, tulipe kodi. Tunawasikia na tunataka. Ila nimekaa na wenzangu wa kikundi, kuna anayetengeneza sabuni ya maji ambayo haichubui mikono, kuna mama wa achari, kuna binti anayesindika mafuta ya nywele kwa parachichi, na toka niwasimulie yaliyonipata kila mmoja ananiambia anaandika uongo kwenye fomu. Anaweka asilimia za kubuni. Sasa fikirieni hiyo maana yake, mkaguzi anapewa karatasi ya uongo na anapitisha bidhaa kwa karatasi ya uongo, siku mtoto akipata madhara hospitali hawatajua alikula nini. Watu hawa siyo waongo, ni waoga, na mi siwezi tena kuwaambia waondoe hofu maana wanaijua ile karatasi ya stesheneri, niliwaonyesha mwenyewe.

Mi sijaandika uongo bado. Nina fomu nyingine hapa mezani, ya ofisi nyingine kabisa, na hii ni ya muhimu kwangu maana bila hiyo siwezi kuuza kwenye supamaketi. Nimejaza jina, nimejaza TIN, nimejaza eneo, wateja. Kipengele cha saba kinasema "mchanganyiko wa malighafi kwa asilimia" na kina mistari mitano mitupu. Nimeshika peni hapa toka asubuhi na siku ya mwisho ya kupeleka ni Ijumaa.

Naombeni mnijibu kabla ya hapo, hata kwa mistari miwili, nijaze nini.

Wenu,
Mama wa pilipili, Morogoro